NANI AMESEMA SISI NI WAVIVU?

Wandugu wasomaji, wafanyakazi wa migodi, na ninyi wote wa cité na wa kambi: leo tunataka kusema juu ya neno moja dogo ambalo limetembea katika inchi yetu zaidi ya miaka mia. Ni neno "wavivu". Munalijua. Babu zenu walilisikia katika kinywa cha mwenye kuandika watu kazi, baba zenu walilisikia katika kinywa cha mkubwa wa mgodi, na watoto wenu wanalisikia katika sinema na katika simu. Wageni wanasema: Wakongomani ni wavivu, Wakongomani ni watoto wakubwa, wanapenda ngoma na pombe, hawajui kupanga mambo ya kesho.

Hatuandiki ili kulia. Kulia hakuongezi posho. Tunaandika ili tuulize: neno hili lilizaliwa wapi, nani alilizaa, na lilimletea faida gani? Tena iko sababu ya pili, nzito kuliko ya kwanza. Sisi wenyewe tumelipokea neno la wageni, tumelinoa kama panga, na tumepigana nalo ndugu kwa ndugu.

Tuanze na shaba, maana shaba tunaijua. Mbele ya mzungu kufika Katanga, shaba ilichimbwa na kuyeyushwa hapa. Wazee walitoa mawe ya kijani katika vilima, wakayayeyusha kwa makala katika tanuru za udongo, wakatengeneza misalaba ya shaba iliyotembea kama feza mpaka mbali sana. Wenye kazi ile waliitwa "wakula-shaba". Katika mwaka 1892 mwenye elimu ya mawe kutoka Ubeleji, Jules Cornet, alifika kutafuta mali ya inchi, akaona mashimo ya wazee. Kompani ya Union Minière ilizaliwa katika mwaka 1906. Reli ya kusini ikafika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, katika mwaka 1910. Shaba ya kwanza ya kompani ikatoka katika mwaka 1911. Wale waliochimba shaba kwa jembe na kikapu mbele ya mashini hazijafika, ndio walioitwa wavivu.

Juu ya nini? Kwa sababu kompani ilihitaji watu maelfu, na watu walikuwa na mashamba yao, mitego yao ya samaki, wake na watoto wao. Mtu yule hakukataa kazi. Alikuwa na kazi yake. Basi ikaletwa kodi ya kulipa kwa feza, maana kodi ya feza inamtoa mtu shambani na kumpeleka mahali pa feza. Waliotoka walilala katika kambi mbaya, wakala chakula wasichokizoea, na katika miaka ile ya kwanza wengi walikufa kwa magonjwa. Wengine wakakimbia wakarudi kwao. Mtu anayekimbia mahali ndugu zake wanapokufa, katika inchi yoyote anaitwa mtu mwenye akili. Hapa wakubwa waliandika katika vitabu vyao: mweusi hapendi kazi.

Sasa tazameni jambo la kushangaza. Kutoka karibu mwaka 1928 kompani ilibadilisha shauri lake. Ikaanza kuandika watu kwa miaka mitatu badala ya miezi michache, ikawaruhusu kuja na bibi na watoto, ikajenga nyumba, hospitali na shule, ikatengeneza posho. Na watu wale wale waliosemwa kwamba hawawezi kukaa wakakaa. Wakawa mafundi, wakaongoza mashini, wakazaa watoto kambini, na watoto wao wakaingia mgodini pia. Damu ya mweusi haikubadilika katika mwaka 1928. Kilichobadilika ni nyumba, chakula na mkataba. Kumbe uvivu ulikuwa ugonjwa unaopona kwa posho nzuri! Wala kompani haikufanya hivyo kwa upendo mtupu: ilipiga hesabu, ikaona kwamba kutafuta watu wapya kila mara ni hasara.

Baada ya neno "wavivu" lilikuja neno "watoto". Walisema: hawa ni watoto wakubwa, akili yao haiwezi kupanda juu. Lakini Stefano Kaoze, mtoto wa upande wa Tanganyika, aliandika kwa Kifaransa juu ya mawazo na tabia za watu wake, na maandiko yake yakatolewa Ubeleji kutoka mwaka 1910. Katika mwaka 1917 akawa padri wa kwanza wa Kongo ya Wabeleji. Alijifunza Kilatini, filosofia na teolojia, mafundisho yale yale ya padri wa Ulaya. Mlango wa seminari ulikuwa wazi, mtu akaingia na akapita. Milango mingine ilifungwa. Universiti ya Lovanium ilianza katika mwaka 1954 tu, na ile ya Elisabethville katika mwaka 1956. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani waliomaliza universiti hawakufika hata 30 katika inchi nzima. Na wengi huko Ulaya wakasema: munaona, hawana watu wenye akili! Mtu anakufunga miguu kwa kamba, kisha anaandika kitabu kwamba hujui kukimbia.

Na wale wa Ulaya ambao hawajafika Kongo hata siku moja, walitujulia wapi? Walionyeshwa. Katika mwaka 1897 Mfalme Leopold II aliagiza Wakongomani 267, wanaume, wanawake na watoto, akawaweka katika vijiji vya kuigiza ndani ya bustani ya Tervuren, ili watu waje kuwatazama kama tunavyotazama nyama katika bustani ya nyama. Saba walikufa kule, na makaburi yao yako kanisani Tervuren mpaka leo. Katika mwaka 1958, miaka miwili mbele ya uhuru, maonyesho makubwa ya Brussels yaliweka tena kijiji cha Wakongomani nyuma ya ua. Watazamaji wengine wakawatupia ndizi. Ndugu zetu wale wakakataa kuendelea, wakarudi kwao mbele ya maonyesho kuisha.

Kuna pia vitabu. Yule Hergé aliyechora "Tintin" akipita Kongo, katika miaka 1930 na 1931, hakuwa amekanyaga udongo wa Kongo. Alichora yale yaliyosemwa na watu wa mji wake. Joseph Conrad yeye alifika, katika mwaka 1890, akapanda mto kwa masua. Kitabu chake cha mwaka 1899 kinaeleza sana ubaya wa wageni waliokuja kutafuta pembe za tembo. Lakini wenye magazeti ya ngambo walichukua jina la kitabu, "Moyo wa Giza", wakalibandika juu ya inchi yetu. Na hata sasa, mtu akitaka kuandika habari ya Kongo bila kujisumbua, analitumia jina lile. Giza lililetwa na mgeni, jina likaachiwa mwenyeji.

Wandugu, ninyi wa migodi, sasa twende pamoja Ubeleji, maana huko ndiko neno hili linavua nguo zake. Ubeleji ina kabila mbili kubwa: Waflama wa kaskazini na Wawaloni wa kusini. Katika miaka ya 1840 njaa iliingia kwa Waflama, viazi vikaoza shambani. Watu wakashuka kusini kutafuta kazi katika migodi ya makala na viwanda vya chuma vya Wawaloni. Waliitwaje huko? Wajinga, wachafu, watu wa kulewa. Mpaka mwaka 1930 hawakuwa na universiti hata moja iliyofundisha yote kwa lugha yao, na watu waliwacheka kwamba hawajasoma. Munasikia wimbo? Ni wimbo wetu.

Kisha mambo yakageuka. Migodi ya Wawaloni ilizeeka, mmoja mmoja ikafungwa. Viwanda vipya vikajengwa upande wa Waflama, na feza ikahamia kaskazini. Siku hizi utasikia Waflama wengi wakisema kwamba Wawaloni ni wavivu, wanakula tu jasho la wengine! Kabila hizo mbili hazikubadilishana damu. Zilibadilishana mahali pa feza, na neno likafuata feza. Anayeshika mfuko ndiye anayegawa majina.

Na Waitaliano je? Baada ya vita kubwa Wabeleji wengi hawakutaka tena kushuka chini ya udongo. Tarehe 23 Juni 1946 serikali ya Ubeleji ilipatana na serikali ya Italia: Italia itatoa wafanyakazi 50.000, Ubeleji itauza makala kwa Italia. Waitaliano wale walilazwa katika vibanda vilivyokuwa vya wafungwa wa vita. Waliitwa wachafu, wenye kelele, watu wa kisu. Walipotafuta nyumba ya kupanga, walikuta mahali pengine maandishi mlangoni: hatutaki nyama wala wageni. Tarehe 8 Agosti 1956, katika mgodi wa Bois du Cazier, kule Marcinelle, moto ulishika chini ya udongo. Wakafa watu 262. Kati yao Waitaliano walikuwa 136, Wabeleji 95, na wengine walitoka inchi nyingine nyingi. Italia ikazuia watu wake kwenda. Ubeleji ikatafuta Waspanyola na Wagiriki, baadaye Wamoroko na Waturuki. Nao kila mmoja kwa zamu yake akapokea majina yale yale, pamoja na taa na koleo.

Basi tumeona jambo wazi. Jina la zarau halitoki katika tabia ya kabila. Linatoka katika kazi. Anayewekwa chini kabisa, mahali pa vumbi na mshahara mdogo, anaitwa mvivu na mchafu, hata kama ni yeye anayechimba makala yanayompasha moto anayemtukana. Na jina linamsaidia mwenye kulitoa: mtu mvivu, juu ya nini umwongezee mshahara? Mtoto, juu ya nini umwulize mashauri yake? Mchafu, juu ya nini umjengee nyumba nzuri? Jina ni hesabu ya mshahara iliyoandikwa kwa maneno.

Tuongeze neno moja, wala si kwa kucheka. Katika mwaka 2010 Wabeleji walifanya uchaguzi, kisha wakakaa siku 541 bila kupata serikali mpya, maana Waflama na Wawaloni hawakupatana. Hakuna mtu aliyeandika kwamba mzungu hawezi kujitawala. Waliandika juu ya vyama, sheria na hesabu za kura, nayo ndiyo namna nzuri ya kuandika. Tunauliza tu: juu ya nini taabu ya Ulaya inaelezwa kwa sheria na hesabu, na taabu ya Kongo inaelezwa kwa kabila na damu?

Lakini tusiseme kwamba kila mgeni ni kipofu. Kutoka karibu mwaka 1900 mtu mmoja alituona vizuri bila kufika Kongo: Edmund Morel, kalani kama sisi, wa kompani ya meli ya Liverpool. Alikuwa akitumwa Antwerp kutazama vitabu vya mizigo. Akaona kwamba meli zinazotoka Kongo zimejaa kauchu na pembe, na meli zinazokwenda Kongo zimebeba sana bunduki na risasi; biashara ya kuwalipa watu haionekani. Akajua: kama hakuna malipo, ni kazi ya nguvu. Akaacha kazi yake katika mwaka 1901, akaanza kuandika na kupiga kelele, na katika mwaka 1904 akaunda chama cha kutetea watu wa Kongo. Katika mwaka 1908 Leopold aliachishwa inchi, ikawa ya serikali ya Ubeleji. Morel hakuuliza tabia ya Wakongomani. Aliuliza mizigo: nini kimetoka, nini kimeingia, nani amelipwa? Hukumu ya namna hiyo hatuiogopi.

Sasa tujitazame sisi. Wakubwa walisema: mgeni ana macho makubwa, lakini haoni. Nasi tumekuwa na macho ya namna ile. Wazee wanakumbuka habari za "batumbula": watu waliamini kwamba wazungu wanatuma watu usiku kukamata weusi ili wawale, na nyama ya kopo iliogopwa. Hofu ile ilikuwa na sababu yake, maana ndugu walichukuliwa kweli kwenda kazini na wengi hawakurudi. Lakini ilikuwa hukumu ya uongo juu ya taifa zima.

Tena kuna jambo baya zaidi. Kompani ilipotafuta watu mbali, ilileta wengi kutoka Kasai, na reli ya kwenda Kasai ilipomalizika katika mwaka 1928 wakaja wengi zaidi. Wakubwa wakaanza kusema: watu wa Kasai wana akili na wanapenda kazi, kuliko wenyeji. Ilionekana kama sifa. Lakini kumsifu mmoja kwa kumzarau mwingine ni mbegu ya vita. Wenyeji walikasirika, wa Kasai wengine walijivuna, na sisi sote tukasahau nani aliyepanda mbegu ile. Katika mwaka 1957, katika uchaguzi wa kwanza wa miji, watu wa Katanga waliona wageni wanashika ukubwa wa cité, na gazabu ikaongezeka. Miaka ya 1992 na 1993 mbegu ikatoa tunda lake. Kule Likasi na Kolwezi watu wa Kasai waliitwa "bilulu", ndio wadudu. Walifukuzwa katika nyumba zao, watu mamia ya maelfu, wengi wao wamezaliwa Katanga na hawajaona Kasai. Walilala katika stasioni za treni wakingojea behewa, na wengi walikufa pale na njiani, watoto zaidi. Waliowafukuza walikuwa wafanyakazi wenzao. Walishuka shimo moja, walikula posho moja, walizika wafu wao pamoja.

Hapo ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo. "Mvivu" ni tusi. "Mdudu" ni amri. Mtu hapigi mke wa jirani na kuchoma nyumba yake siku ya kwanza. Kwanza analipa kabila lake jina, kisha anazoea jina, kisha mkono unafuata kinywa.

Na leo migodi mingi ya shaba na kobalti iko katika mikono ya makompani ya Wachina. Tunasikia maneno mapya kila jioni: Wachina wote ni wabaya, Wachina hawana huruma. Upande wao wengine wanasema: Wakongomani wote ni wezi, wote ni wavivu. Wandugu, tutazame habari ya kale. Katika mwaka 1892 mamia ya Wachina waliletwa kujenga reli ya Matadi. Wengi walikufa, wengine walikimbia porini. Wakati ule walikuwa chini kama sisi. Mkubwa akikosa, tumdai kwa jina lake na kwa mkataba wake: saa ngapi, mshahara gani, kofia na viatu vya mgodi viko wapi, nani anamlipa aliyevunjika mkono? Ukisema "Wachina ni wabaya", hakuna anayelazimishwa kujibu. Ukisema "mkataba unasema hivi na malipo ni hivi", kuna mtu lazima ajibu. Tusi la kabila linamfurahisha anayelitoa kwa dakika moja, na linamficha mkosaji kwa miaka.

Sisi tunaoshika kalamu katika ofisi za mgodi tunajua buku ya kazi. Kila mtu ana mstari wake: jina, namba, siku alizofika, siku alizokosa, kazi za usiku, mshahara. Huyu amefika siku 26, yule 19 kwa sababu ya homa, mwingine 12 na hakuna anayejua alikuwa wapi. Ndiyo, wavivu wako Kongo. Wako pia Ubeleji, Italia na China. Chini ya ukurasa tunajumlisha siku na franka. Hatujaona buku hata moja yenye nafasi ya kujumlisha tabia ya kabila, maana hesabu hiyo haijumlishiki.

Basi tunawaomba mambo matatu. La kwanza: mukisikia mgeni anasema "Wakongomani wako hivi", musikimbilie kugombana, wala musijibu kwa majivuno kwamba sisi ni wema kuliko wote. Mumwulize: umeona watu wangapi, katika kazi gani, kwa malipo gani? La pili: mukisikia ndugu anasema "wale wa Kasai", "wale wa Rwanda", "wale Wachina", mumwulize maneno yale yale, maana swali lililo nzuri kwa mgeni ni nzuri kwa ndugu pia. La tatu: nyumbani, mbele ya watoto, musiite kabila yoyote jina la nyama wala la mdudu. Mtoto anashika neno upesi kuliko mafundisho ya shule.

Wageni wataendelea kutuhukumu. Hatuna nguvu ya kufunga vinywa vya ngambo. Lakini kinywa chetu tunakishika wenyewe. Mwenye kutaka ahukumiwe kwa kazi ya mikono yake, amhukumu jirani yake kwa kazi ya mikono yake pia. Atakayefanya hivyo mgodini, sokoni na katika kambi, atakuwa ameifanyia Kongo kazi kubwa, na hakuna atakayeweza kumwita mvivu.